Matusi ya Baba Mdogo

Matanga ya kaka yake hayajaisha, Eliamini akaingia kihambani, shamba la ukoo, na panga. Alikata kahawa iliyopandwa na babu yao, akaotesha nyanya za kuuza Himo, kwa kuwa bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na miaka ile kila mtu alijiita mfanyabiashara. Shemeji yake mjane, Magdalena, aliachiwa banda la ng'ombe na migomba michache.

"Kaka hakuacha mtoto wa kiume," alisema Eliamini. "Kihamba hakirithiwi na sketi."

Zamani wazee wa ukoo wangemkalisha chini. Safari hii walikunywa pombe yake ya mbege, wakajifuta midomo, wakaenda zao.

Gladys, binti pekee wa marehemu, alikuwa kidato cha sita. Hakulia. Kutoka kwao Kirua Vunjo aliona ndege zikishuka kule tambarare, akajua kuna mtu anayeziambia ipi itangulie na ipi ingoje. Akaitaka kazi hiyo.

"Nikiipata, baba mdogo atakuja kunibembeleza," alimwambia mama yake. "Nami sitamsamehe. Nataka azeeke na kosa lake."

Aliambiwa usaili ulivyo: unasomewa namba harakaharaka, uzirudie bila kukosea, na sauti isipande, maana rubani akisikia woga naye anaogopa. Sauti ndiyo iliyomshinda. Kila alipoikumbuka ile kahawa, sauti ilipanda yenyewe. Basi jioni, yeye akimenya ndizi, mama alifungua kitabu cha nyimbo za kanisani na kumsomea namba ovyoovyo.

"Mama, nitukane huku ukisoma. Kama baba mdogo."

"Mimi? Mkristo mzima?"

"Nitukane tu."

Magdalena akakohoa, akatoa sauti nzito ya shemeji yake. "Mia mbili arobaini! We sketi, hata mbuzi wangu hawakusikii, utaamrisha ndege? Tisini na saba!"

"Mia mbili arobaini. Tisini na saba."

"Umetetemeka. Tena! Na hiyo pua kama kiazi!"

"Hilo la pua hakulisema yeye, mama."

"Hilo ni langu."

Wakaendelea hivyo, jioni baada ya jioni, mpaka matusi yakawa kwake kama mvua juu ya bati.

Gladys alifaulu, akaitwa Dar es Salaam kwa mafunzo. Habari ilipanda mlima upesi, na Eliamini alikuwa na mtoto wa kiume asiye na kazi. Asubuhi ya safari alitokea kituo cha basi Himo, amevaa suti ya kanisani, ameshika jani la isale. Kwetu Uchaggani mkosaji akikuletea isale ukalipokea, umesamehe. Ukilikataa, aibu ni yako, si yake. Ndiyo maana alilileta mbele ya watu.

"Mwanangu, pokea."

Gladys alikuwa na begi mkono mmoja, na mkono wa pili mkungu wa ndizi. Angeweza kuuweka chini. Hakuuweka.

"Shikamoo, baba mdogo. Mikono yangu imejaa."

"Si uweke hizo ndizi, mwanangu! Mara moja tu."

"Basi linaondoka, baba mdogo. Ngoja."

Alilisema bila kupandisha sauti wala kuishusha, akapanda hivyohivyo, kondakta akimsukuma mgongoni. Mlango ukafungwa.

Eliamini alibaki barabarani na jani lake. Wazee wawili watatu walielewa kuwa jani halikupokewa wala halikukataliwa, wakageuza nyuso. Vijana, ambao siku hizi hawajui lolote, walimuuliza kama hilo ua linauzwa.