Mita Iliyozoea Joto

Wee, mita ya kupimia volti iliwaka! Tarakimu nyekundu zilizokuwa zimezimika miaka kumi na mmoja zilichomoza, na Bi Gye-sun akapiga ukelele uliosikika kila kibanda cha soko la elektroniki la Sewoon.

"Umepata nini, Dada, mchumba?" akauliza Pil-jung, fundi redio wa kibanda cha jirani.

"Bora kuliko mchumba! Hii haikoromi!"

Kumbe ni kapasita mbili tu zilizovimba. Alikuwa amezibadilisha, akafunga kasha, kisha akazungusha skrubu ya kusawazisha taratibu mpaka kisanduku chake cha majaribio, kinachotoa volti kumi, kikasomeka kumi kamili. Hakuwa na nafasi ya kukosea. Mita yake mpya ilianguka juzi ikapasuka, ikabaki hii ya zamani tu, na kiwanda cha lifti kinachotoa bodi za umeme za kupimwa hakimpi kazi fundi ambaye mita yake haina stika ya mkaguzi. Mkaguzi mwenyewe, Bwana Namgung, alikuwa anakuja saa sita.

Alifika. Akaichukua mita, akaiweka juu ya meza ya chuma karibu na dirisha, akanywa kahawa yake ya paketi bila haraka, kisha akaunganisha nyaya.

"Samahani, Mama. Inasoma chini."

"Haiwezekani!"

"Cha kale ni cha kale," Pil-jung akadakia.

"Hebu funga domo, wewe!"

Gye-sun akageuka kutazama alipokuwa ameketi, akajipiga paji la uso. Mkeka wa umeme wa kupasha joto! Kwa baridi kali ya Januari hii, alikuwa ameukalia tangu asubuhi, mita ikiwa kando ya paja lake, ikiota joto pamoja naye. Alikuwa ameisawazisha ikiwa na homa!

"Nipe saa moja, Bwana Mkaguzi. Nakuomba."

"Nina vibanda vingine ghorofa ya juu. Nikishuka nitapita, mara moja tu."

Akaiacha mita palepale mezani, penye baridi, ipoe kabisa, akasimama kando yake, meno yakigongana. Muda ulipofika akashika bisibisi. Mkono ulitetemeka vibaya, skrubu ikapita kipimo, akairudisha, ikapita tena. Machozi yakamlengalenga.

Pil-jung hakutania. Alikuja, akamvika koti lake, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili.

"Zungusha, Dada. Nimekushika."

Mkaguzi aliporudi, akachomeka nyaya. Kumi, nukta, sifuri, sifuri, sifuri. Akabandua stika, akaibandika.

"Pil-jung!" Gye-sun akamrukia shingoni. "Kesho nina bodi arobaini za kupima!"