Mpiga Kinanda Aliyemfanya Mkubwa Angoje

Habari zimenifikia kutoka Kiplombe kwamba mzee aliyetupigia kinanda kanisani hapa Eldoret, miaka ile ya chama kimoja, ametutoka. Mnanijua, wasomaji wangu, huwa sikosi la kusema. Safari hii nina la kuungama: mtu huyo nilimkosea.

Alikuwa karani katika kiwanda cha unga, mtu wa mkoa wa Magharibi, mpole kupita kiasi, na kanisani tulimwita Mwalimu. Kabla ya ibada alipiga utangulizi mmoja wa kinanda, muziki wa Ulaya wa enzi ya Baroki, miaka kama mia tatu iliyopita, karatasi zake zimegeuka manjano. Mtunzi hakuandika popote kama upigwe haraka au polepole; hayo alimwachia mpigaji. Vijana wa kwaya walitaka mbio. Yeye aliupiga taratibu, akisema, "Kila sauti ipewe nafasi imalize kusema." Mimi nilikuwa katibu wa kanisa, na kusema kweli utangulizi ule ulinichosha.

Jumapili moja mkuu wa wilaya akaingia ghafla, utangulizi ukiwa katikati. Tukasimama sote. Wazee wa kanisa wakanituma, nami nikamnong'oneza, "Mwalimu, kata hapo. Mkubwa amefika." Akatikisa kichwa, akaendelea. Mkubwa akangoja amesimama, uso ameukunja, na sisi jasho linatutoka. Kungoja huko hakukufika dakika mbili. Wiki hiyohiyo wazee wakaamua kwamba mtu huyu ana siasa, na mimi ndiye niliyetumwa kumnyang'anya ufunguo wa kinanda. Alinipa kwa mikono miwili, akauliza tu ni nani atakayekuwa akikipangusa vumbi.

Hakukigusa tena. Vyama vingi viliporudi na watu wakaanza kusema, nilijikaza nikamwuliza kwa nini alimpinga mkubwa siku ile. Akashangaa. "Kumpinga nani, Katibu? Sauti mbili za muziki ule zilikuwa bado zinagombana, na zinapatana mwisho kabisa. Ningewaachaje watu waanze kuomba na ugomvi masikioni?"

Niliona aibu, na ninaiona hata leo. Mtu alikuwa akifanya kazi yake, sisi tukasikia uasi. Woga ulikuwa umetuharibu masikio kiasi hicho, na msidhani uliondoka pamoja na chama. Ukitumwa kumkatiza mwenzako, mwulize kwanza amebakiza nini. Mimi nilipouliza, vidole vyake vilikuwa vimeshakakamaa kwa uzee.