Sahani Ilipompita Mama

Kila Jumamosi iliyotangulia Jumapili ya Meza ya Bwana, mama alikata mkate. Ulikuwa mkate wa kawaida wa dukani, na aliukata jikoni kwetu Mau Narok kwa kisu ambacho hakikuruhusiwa kugusa kitunguu. Kwanza aliondoa zile pande ngumu za kahawia, kisha akakata sehemu nyeupe vipande vidogo vidogo, akavipanga kwenye sahani ya bati na kuifunika kwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe. Pande ngumu zilikuwa zetu. Tulizila na chai, sisi watoto na yeye, na mpaka leo nikila mkate naanzia pembeni.

Kesho yake kanisani, sahani hiyo ilibebwa na baba, kwa kuwa alikuwa shemasi. Alianza na mabenchi ya mbele, akaja polepole akitazama asimwage kitu, na alipofika kwenye benchi letu alimpita mama.

Hakumpita kwa ubaya. Katika kanisa letu la Kibaptisti, anayekula Meza ya Bwana ni yule aliyeamini kwa akili zake mwenyewe, kisha akazamishwa majini mzima mzima. Mama alikuwa amebatizwa akiwa mchanga, kwa kunyunyiziwa maji kichwani, katika kanisa lingine huko upande wa Njoro alikozaliwa. Kwetu sisi hayo yalikuwa maji ya kuoshea mtoto uso tu. Kwa hivyo yeye aliyeukata mkate hakuula, na mumewe ndiye aliyekuwa na kazi ya kutompa.

Mama alikuwa na ujanja wake. Sahani ikikaribia, aliinama. Alitafuta kitu chini ya benchi: kiatu cha mtoto, leso, shilingi ya sadaka ambayo haikuwa imeanguka. Akiinuka, baba alikuwa ameshafika benchi la nyuma. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama ni mtu wa kupoteza vitu sana. Nilipokua nikaelewa kwamba alikuwa akimwondolea baba taabu ya kumtazama usoni.

Mimi nilizamishwa kwenye bwawa la shamba la ngano, asubuhi ya baridi kali ya Mau, na nilipotoka meno yaligongana hata nikashindwa kuimba. Mama ndiye aliyenifunga blanketi. Nikamuuliza, kwa ule ujasiri wa mtu aliyetoka kubatizwa, kwa nini na yeye asiingie tukamaliza haya mambo.

"Mamangu alinibeba mpaka kanisa kwa miguu," akasema, akinisugua nywele. "Alikuwa mgonjwa tayari. Hakukaa sana, akaenda. Hiyo ndiyo kitu pekee najua alinifanyia. Sasa nikiingia kwa hii maji, si nitakuwa nimesema hakunifanyia kitu?"

Kuanzia siku ile nilitamani jambo moja katika maisha yangu ya kanisa: kuketi katikati ya baba na mama, na sisi watatu tule Meza pamoja. Halikuwa jambo kubwa. Watu huomba mashamba na magari.

Sisi Wabaptisti hatuna askofu. Hakuna mtu wa kutoka mbali wa kutuamulia, na tunajivunia hilo kuliko inavyofaa. Jambo likizuka tunaita kikao cha washirika, tunaomba, tunabishana, tunainua mikono. Tumepiga kura kuhusu rangi ya mabati, mahali pa kuchimba choo, na kama ngoma kubwa ipigwe au ipumzike. Kosa letu ni kudhani kwamba ukishahesabu mikono umemaliza maneno.

Siku moja akahamia kwetu mwalimu mmoja na mkewe, watu wazuri, waliobatizwa utotoni kama mama. Waliomba kupokewa kuwa washirika bila kuzamishwa upya. Mchungaji, ambaye hakupenda kubeba lawama, akasema kanisa liamue. Tukaitwa kikao baada ya ibada, na kila aliyesimama alizungumza juu ya mwalimu na mkewe, lakini macho yalikuwa yakienda kwenye dirisha la jikoni. Mama alikuwa huko, akipika chai ya kikao. Hakuwa mshirika, kwa hivyo hakuruhusiwa kuingia. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya moshi.

Baba aliomba nafasi ya kusema. Alisimama akishika mgongo wa benchi.

"Nyinyi wote mnajua nyumba yangu," akasema. "Mkikubali hii, mimi ndiye nitafurahi kuliko mtu yeyote hapa. Sasa ndiyo maana siwezi. Nitakuwa nimelegeza sababu napenda mtu, si sababu ni kweli."

Niliona hasira, na bado ninayo kidogo nikiandika haya. Wengine huwa na baba wagumu kwa sababu hawana upendo. Wangu alikuwa mgumu na upendo wake akiwa ameushika mkononi, watu wote wakiuona.

Ikaitishwa kura. Baba ndiye aliyekuwa akihesabu mikono, kama kawaida. Niliinua wangu kwa wanaokubali, nikaunyoosha mpaka bega likauma. Alipofika kwangu alisimama, akanitazama, akauhesabu kama mkono wa mtu mwingine yeyote, akaendelea. Hakuwa mtu wa kuruka mkono. Kisha wakaitwa wanaokataa, akahesabu tena, na mwisho kabisa akainua wake. Tulishindwa kidogo tu.

Mama akaingia na mabirika ya chai. Hakuuliza nani ameshinda. Alimpa mke wa mwalimu kikombe, akampa na mchungaji, akampa baba chake chenye sukari nyingi anavyopenda, na baba akakishika mpaka chai ikapoa.

Walioshindwa walivumilia kwa miezi michache, kisha wakahama. Hawakwenda mbali. Walikodi ghala la viazi lililokuwa tupu, ng'ambo ya barabara, wakapaka chokaa na kuanza kanisa lao. Jumapili ya kwanza wakaweka spika nje. Sisi tukanunua spika kubwa zaidi. Pambio zikawa zinagongana katikati ya barabara, na mtu akipita na ng'ombe wake alibarikiwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja bila kusikia neno hata moja. Sokoni watu walisalimiana "Bwana asifiwe," kisha kila mmoja akageuka kutazama viazi. Walikuwa watu waliozamishwa katika bwawa moja, wengine asubuhi moja.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya kushona sare za shule Nakuru mjini, kwa hivyo nilinusurika kuchagua upande. Lakini nilimpigia mama simu, nikamwambia kanisa la ng'ambo wana Meza ya wote, na wanamtaka. Nilimsihi aende. Kama singeweza kula naye pamoja na baba, basi angalau ale.

Alienda mara moja. Alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa akavuka barabara. Akanisimulia baadaye.

"Walinikaribisha vizuri. Wakanipa kiti ya mbele. Nikaona ile sahani inakuja, mtu ameibeba, si baba yenu. Nikajiuliza, sasa huyu atanipatia halafu niende nyumbani nimwambie nini? Nikatoka."

"Mama, si ungekula tu!"

"Ningekula na nani?" akasema, na akanigeuzia maneno kwa kuuliza bei ya vitambaa mjini.

Jumapili iliyofuata alirudi kwenye benchi lake, baba akampita, akainama.

Hapa Nakuru nasali katika kanisa kubwa lenye vigae sakafuni. Meza ikiandaliwa, mchungaji wetu husema yeyote ampendaye Bwana na ale, wala hakuna anayeuliza ulibatizwa wapi na kwa maji kiasi gani. Ni jambo jema, naliunga mkono, nililipigia kura. Lakini nikishika kile kipande cha mkate natamani nyumbani. Natamani ile baridi, lile benchi lililokuwa likiyumba, na nyayo za baba zikija polepole kutoka mbele. Nakula, naam. Nakula kama mtu aliyealikwa kwa jirani wakati kwao kumepikwa.

Mwaka huu, msimu wa mvua, miguu ya baba ilimkataa. Ushemasi aliuacha, na kanisani hafiki. Kwetu mshirika asiyeweza kuja huletewa Meza nyumbani. Nilikuwa nimeenda kuwaona, na Jumapili mchana shemasi wa siku hizi, mkulima wa viazi niliyesoma naye shule ya msingi, akabisha hodi na sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa cheupe na kichupa cha juisi nyekundu. Mkate ulikuwa umekatwa na mama jana yake. Hakuna aliyewahi kumwondolea kazi hiyo.

Tulikuwa tumeketi kwenye kochi refu, baba upande mmoja, mama upande mwingine, mimi katikati. Mama alipoiona sahani akaanza kuinuka.

"Wacha niangalie chai."

"Keti," baba akasema.

"Itachemka imwagike."

"Imwagike."

Akaketi. Shemasi akaomba, akafunua sahani, akamnyooshea baba. Baba hakutoa mkono.

"Mimi sijageuza mawazo," akamwambia shemasi. "Mtu abatizwe vile Neno linasema. Usiende kusema mzee amegeuka."

"Sawa, mzee."

"Lakini huyu mama nimempita miaka yangu yote. Leo unipite mimi pamoja na yeye."

Shemasi alibaki ameishika ile sahani hewani, maskini, asijue afanye nini. Hakuna kikao kilichowahi kuamua jambo kama hilo. "Mzee, si wewe ni mshirika? Hii ni yako."

"Najua ni yangu. Nipite."

Mama akawaka. "Wewe mzee, usikatae Meza sababu yangu! Mimi nimezoea."

"Najua umezoea," baba akasema. "Hiyo ndiyo inaniuma."

Jikoni chai ilichemka, tukaisikia ikimwagikia jiko, na mama hakwenda. Shemasi akanigeukia mimi, kwa kuwa alijua nilizamishwa wapi, alikuwepo. Nilikuwa nimeketi katikati yao, pale pale nilipotamani kuketi maisha yangu yote, na mkate uko mbele yangu. Nilitikisa kichwa kukataa.

Akaipitisha sahani mbele yetu polepole, kutoka kwa baba, kwangu, kwa mama, kama baba alivyokuwa akiibeba zamani. Nikageuka kumtazama mama. Hakuinama.