Lango Lililozibwa na Aliyelijenga

Xue Genquan alikuwa fundi wa malango ya mwezi, kama baba yake. Lango lenyewe halina ubao wala komeo: ni uwazi tu ukutani, duara kama mwezi mpevu, na watu wa Suzhou, kule China, hulipenda kwa kuwa duara kwao ni jamaa waliokusanyika, hakuna aliyepungua. La nyumbani kwake, baina ya ua wa mbele na ua wa nyuma, alilijenga mwaka aliooa.

Sasa mkewe alikuwa kaburini, na wanawe wawili walikuwa wanagawana nyumba. Weiliang, mkubwa, fundi kama yeye, alipata ua wa mbele. Atao ua wa nyuma. Baba yao atakula kwa zamu, mwezi huku, mwezi kule. Mjomba wao, aliyeitwa kushuhudia kama desturi inavyotaka, aliuliza kama limebaki neno.

"Lango lizibwe," alisema Atao.

"Lizibwe," alisema Weiliang. "Angalau leo tumekubaliana."

"Wewe unayo mengi, kaka. Si umewajengea wageni ng'ambo, mpaka kwenye hoteli zao? Mama anakata roho anakuulizia, wewe uko juu ya ngazi unawachongea watu mwezi."

"Na dawa alizokunywa zilitoka wapi? Kwenye huo wali wake uliokuwa unaufakamia?"

Mjomba alikohoa. "Nyie watoto, baba yenu anawasikia."

Mzee alikuwa anasikia. Alisema hataki fundi wa nje auguse ukuta wake, ataziba mwenyewe. Alidhani aibu itawashika. Mtoto gani angevumilia kumtazama mzazi akiziba kwa mkono wake alichokijenga kwa mkono huohuo? Akawaweka mmoja kila upande, wampe matofali.

Alifanya kazi polepole, akilisugua upya kila tofali kwa maji ingawa lilikwisha kusuguliwa. Ukuta ulipofika magotini alimwomba Atao chai, akamwambia ampitishie na kaka yake. Atao aliviweka vikombe viwili juu ya matofali, akageuka. Weiliang hakukigusa chake. Ulipofika kifuani, mzee alisema mgongo unamuuma.

"Pumzika, baba," Weiliang alisema. "Hata kesho tutamaliza."

Ulipofika usoni, ndugu walikuwa wanaonana macho tu. Mzee alishusha mwiko akangoja. Alingoja hata udongo ukaanza kukauka ndani ya karai.

"Baba amechoka?" Atao aliuliza kutoka upande wa pili. "Kaka, mpe tofali, kiza kinaingia."

Weiliang akampa.

Kazi ilipokwisha na chokaa kupakwa, Weiliang aliupapasa ukuta kwa kiganja. "Mkono wako bado ni wa fundi, baba. Mtu hawezi kujua kama palikuwa na kitu."

Mzee aliosha mwiko wake, akaufuta, na ndipo alipotambua kwamba amebaki ua wa mbele, na zamu ya kumlisha mwezi huu ni ya Atao. Alitoka kwa mlango wa barabarani, akaufuata uchochoro hadi nyuma ya nyumba, mkono mmoja ukutani kwa sababu mawe yalikuwa na utelezi.

Mke wa Atao alimfungulia. "Umechelewa, baba. Wali umepoa."

"Njia ya huku ni ndefu," alisema.

Atao alimsogezea bakuli la mchuzi wa figili, akaendelea kula.