Mke wa Bibi Mokami

Mbunge alikuja Gorong'a kutueleza sheria ya bima ya afya. Aliposema kaya ni mchangiaji, mwenza na watoto, Bibi Mokami akasimama. Yeye hakujaliwa kuzaa. Kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, alimuoa Boke kwa ng'ombe wa mahari ili amzalie watoto wa nyumba yake. Sasa wako watatu, na mdogo ana ugonjwa wa selimundu, hulazwa mara kwa mara.

"Mheshimiwa, mke wangu Boke atahesabiwa?"

Vijana wakacheka. Mbunge hakucheka.

"Shikamoo, mama. Sheria inajua mume na mke. Boke aandikishe kaya yake na wanawe."

"Wanawe? Ni wangu hao! Na wewe umezaliwa nyumba kama yangu. Huko bungeni Dodoma uliwaambia wenzako?"

Vijana wakageuka kumtazama mbunge.

"Sikuwaambia, mama."

Bibi Mokami alimtazama yule mdogo mgongoni kwa Boke.

"Nenda kaandikishe," alimwambia Boke. "Atibiwe kwanza. Na wewe, mheshimiwa, kawaambie."

Boke akaenda kwa mtendaji wa kijiji, aliyekuwa akiandikisha kaya palepale mkutanoni. Bibi Mokami akabaki amesimama, akitazama pembeni mpaka jina la Boke likaandikwa, na watoto chini yake.