Hadubini Iliyoonja Pombe ya Posa

Katika shule ya jioni pale Mbugangari tulikuwa wanafunzi wenye ndevu. Mimi nilikuwa fundi cherehani mchana, na mwenzangu wa dawati alikuwa na wajukuu wengi kuliko madirisha ya darasa. Basi mwalimu alipotuletea kisanduku cha hadubini tulicheka mpaka chokaa ikadondoka ukutani. Kwenye kifuniko palichorwa mtoto wa Kizungu mwenye kaptula, anachungulia mguu wa nzi kama aliyefunguliwa mlango wa peponi. Ndani mlikuwa na vioo vyembamba, kibanio, na hadubini yenyewe, fupi kuliko chupa ya bia.

Tuliazimwa kwa zamu. Zamu yangu ikaangukia Jumapili ambayo shangazi, niliyekuwa nikikaa kwake, alipokea wageni kutoka Busasamana waliokuja kumposa binti yake. Binamu yangu huyo alimpenda kijana wao kiasi cha kukataa wachumba mia mbili. Haya, tuseme wawili. Sasa alikuwa nyuma ya pazia, anasikiliza kwa masikio yote.

Msemaji wa wageni alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee wa kushuku hata mvua kabla haijamlowesha. Kwetu mwenye nyumba huvuta mrija kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Shangazi alikwisha kuinamia mtungi wake wa pombe ya ndizi, mzee akamzuia kwa mkono. Alikuwa ameiona hadubini dirishani, akataka kujua ni kitu gani. Nikamjibu kwa sauti ya profesa kwamba mbele ya chombo hiki hakuna kinachojificha.

"Bon," akasema, akainyoshea hadubini kidole. "Basi yeye aonje ya kwanza."

Nikadondosha tone juu ya kioo, nikaelekeza kijioo cha chini kwenye jua. Mzee akafumba jicho moja, akatazama, akajitenga na hadubini taratibu kama mtu aliyekanyaga nyoka aliyelala.

"Mama, mu pombe yako iko bidudu. Tena mingi."

Nikatazama na mimi. Kweli, vilikuwa vinasukumana kama abiria ufukweni mashua inapofika, na naapa kila kimoja kilitosha kubeba mzigo. Nikaeleza kwamba hiyo ni hamira, ndugu yake ile inayoumua mandazi, na bila hiyo tungekuwa tunakunywa maji ya ndizi. Mzee akanijibu kwamba amekuja kutafuta mke, hakuja darasani. Akaulizia fimbo yake, aondoke. Pazia likatikisika.

Shangazi alivuta mrija mpaka mtungi ukabaki nusu, akasimama wima, mzima kabisa. Mzee akasema kuna sumu zenye uvivu.

Hapo shangazi akafuta midomo, akauelekea mtungi wa pombe ya mtama ambao wageni wenyewe walikuja nao.

"Na ya kwenu aonje, muzee. Ao iko na haya?"

Angekataaje? Nikaweka tone la mtama. Mzee akatazama muda mrefu mno, mdomo wazi, hata jirani mmoja aliyekuja kushuhudia posa akapata nafasi ya kusinzia.

"Hizi ni zetu?"

"Ni zenu, mzee," nikasema.

Akatazama tena. "Zetu ziko na adabu. Angalia namna zinakaa."

Shangazi akacheka kwa dharau, akamwambia zimekaa kwa sababu zimechoka, pombe ya kwao haina nguvu hata ya kumtembeza mdudu. Hilo mzee hakulivumilia. Tukajadili nusu ya mchana ni wadudu wa nani walio bora, hoja ikakwama, kwa sababu mzee alikuwa hajaonja wa upande wa pili. Kwa haki tu, akasema, akachukua mrija. Akaonja. Akaonja tena, kwa haki. Alipoinua kichwa, ile fimbo hakuiulizia tena.

"Donc, basi, benu na betu bamechanganyika mu tumbo yangu," akasema. "Nani atabatenganisha? Muite mutoto."

Binamu yangu alitakiwa atoke ameinamisha macho, kama ilivyo desturi. Alitoka ananikazia macho mimi, akanipita, akaifunika hadubini kwa kanga yake, ndipo akapiga goti kusalimia wageni.