Mahubiri Niliyoyaandikia Makosa

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na tangu uliporudi jana kutoka kambi ya Nduta ukimcheka yule mkimbizi aliyehubiri chini ya turubai, imenirudia yote. Kaa nikusimulie, maana mwezi ujao unaanza kufundisha hapa chuoni.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo hiki hiki cha Biblia, hapa Kasulu. Kiebrania nilikijua, tena nilitaka kila mtu ajue kwamba nakijua. Desturi ilikuwa kama leo: Alhamisi mwanafunzi mmoja anahubiri, kisha anabaki amesimama kimya wenzake wakimkosoa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Nestori, mkulima mpole wa Mabamba, mzaliwa wa Burundi. Alipomaliza nikainuka na daftari langu. Makosa kumi na moja! Nikayasoma moja moja, darasa zima likavunjika mbavu. Nami, mjinga mimi, nikavimba kichwa.

Mkuu wetu wa chuo, mzee asiyependa maneno mengi, aliniuliza swali moja tu.

"Mwenzako amehubiri nini?"

Nikafungua daftari, nikalifunga. Haki ya Mungu, sikujua.

Asubuhi yake kitanda cha Nestori kilikuwa kitupu. Mkuu akanipa baiskeli yake nimfuate, safari ya siku mbili. Nilimkuta kwao Mabamba anapalilia mihogo. Nikamwomba radhi, nikamsihi arudi. Akasema amenisamehe, ila darasani hasimami tena. Basi nikamwomba anihubirie upya. Akaegemea jembe, akaeleza habari za Hajiri jangwani na mtoto mwenye kiu, kisha za mama yake mwenyewe, aliyevuka mpaka na yeye mgongoni, hana hata tone la maji. Nililia, mwanangu, pamoja na Kiebrania changu chote.

Hakurudi. Angekuwa mwalimu bora kuliko mimi, na kila ninapokaa kwenye kiti hiki cha mkuu wa chuo nawaza kwamba huenda kilikuwa chake. Inaniuma hadi leo.

Sasa nisikilize vizuri. Mtu akisema mbele yako, pokea kwanza alichokuletea, kukosoa kutangoja. Jumapili rudi Nduta, daftari lako liache hapa mezani. Mungu akufungue masikio kabla ya kinywa, akulinde njiani. Ukirudi, usiniambie alikosea wapi. Niambie amehubiri nini, ndipo nitakukabidhi darasa.